Afande Akikusimamisha

Ijumaa moja, saa mbili kasorobo usiku, vijana wawili wa mtaani kwetu walisimamishwa hatua chache kutoka kwa mama anayechoma mahindi pale steji. Mmoja ni mwanafunzi wa chuo, kijana wa maneno. Mwenzake ni fundi wa simu, mtu wa kusikiliza. Polisi walikuwa watatu, tochi moja. "Vitambulisho!" Yule wa chuo akauliza, kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya barabara, amefanya kosa gani. Akataja Katiba, akataja kifungu cha 49, akashuka mpaka kwenye vijisehemu vyake. Alikuwa sahihi kwa kila neno. Dakika tano baadaye alikuwa ndani ya Mariamu, lori la polisi, amekalia gurudumu la spea.

Fundi alitoa kitambulisho, akasema, "Habari ya kazi, afande," akajibu alichoulizwa, akaambiwa apotee. Hakupotea. Alisogea kwa mama wa mahindi, akanunua hindi asilolitaka, na huku akilitafuna akasoma nambari ya lori, akasoma jina kwenye kifua cha afande mmoja, akatazama saa. Vyote vitatu akavituma kwa dada ya mwenzake. Asubuhi dada alipofika kituoni, aliambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Akafungua simu, akasoma: lori nambari hii, saa hii, afande fulani. Kukawa na kimya, kisha kijana akapatikana. Saa nne alikuwa nyumbani anakunywa chai.

Sikidharau kifungu cha 49. Ni katika vifungu bora tulivyopata mwaka 2010, na kila Mkenya angepaswa kukijua kama anavyojua jina la kijiji chao. Lakini barabarani usiku hakuna hakimu. Ukisimamishwa, una kazi mbili tu: kuondoka pale ukiwa mzima, na kuondoka ukiwa na kumbukumbu. Mabishano yanasubiri. Mahakama haishibi maneno makali uliyomwambia afande. Inashiba jina, nambari, saa na karatasi.

Basi tuanze na pale pale barabarani. Usikimbie, hata kama huna kosa, na hasa kama huna kosa. Mtu anayekimbia gizani hageuki kuwa shahidi, anageuka kuwa shabaha. Mikono ionekane. Kama uko kwenye gari, washa taa ya ndani na uweke mikono kwenye usukani. Kama wewe ni wa boda, zima pikipiki kwanza, kisha zungumza. Uliza mara moja, kwa sauti ya kawaida: "Afande, nimekamatwa au naruhusiwa kwenda?" Akisema umekamatwa, uliza kwa kosa gani. Katiba inamtaka akuambie sababu mara moja na kwa lugha unayoielewa. Ukishajibiwa, au ukinyimwa jibu, nyamaza. Kunyamaza nako ni haki iliyoandikwa katika kifungu hicho hicho, ingawa ndiyo haki inayotushinda kuliko zote, maana sisi ni watu wa kujieleza.

Huku umenyamaza, soma. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011, katika jedwali lake la sita, inamlazimu kila afisa aliyevaa sare kubandika jina au nambari yake ya kazi mahali panapoonekana. Akiwa amefunika, hilo nalo ni la kukumbuka. Akiwa hana sare, mwombe kwa adabu akuonyeshe kadi yake ya kazi. Usimpigie makelele ya "wewe si polisi." Ikiwa si polisi, wanaohitaji kuyasikia makelele yako ni watu wa kando.

Na hapa niwaambie hao watu wa kando, maana wao ndio wengi. Mkiona kijana anaingizwa kwenye gari lisilo na alama, msisimame mkipiga picha tu kama mnaangalia mechi. Muulizeni jina lake, alitaje kwa sauti. Waulizeni wanaomchukua: "Mnampeleka kituo gani?" Swali hilo halimzuii polisi kufanya kazi yake, na polisi halisi ana jibu lake. Baada ya maandamano ya Juni 2024, vijana walianza kutoweka kwa magari ya namna hiyo, na kufikia Desemba mwaka huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji nyara. Wengine waliopatikana, walipatikana kwa sababu mtu fulani kando ya barabara alikuwa ameona na akasema.

Upekuzi una mambo yake. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, kwa staha. Hiyo ni sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, haihitaji huruma ya mtu. Hofu kubwa ya vijana wa mitaani kwetu si kupekuliwa bali kuwekelewa: mkono unaingia mfukoni mtupu na kutoka na msokoto wa bangi. Dawa ya uhakika sijaiona, lakini kuna kinachosaidia. Sema, "Afande, naomba nitoe vitu mwenyewe," kisha ukivitoa vitaje kwa sauti, kimoja kimoja, waliopo wasikie: funguo, mia mbili, simu, kitambulisho. Geuza mfuko nje. Ni vigumu zaidi kukuta kitu kwenye mfuko ambao steji nzima imeuona ukining'inia kama ulimi.

Simu ni suala jingine. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mawasiliano yako. Ukiambiwa uifungue, jibu ni fupi: sitaifungua bila amri ya korti. Ukiona jibu hilo litakuletea kichapo, wewe ndiwe uliye pale, mimi niko kwenye kiti nikiandika, amua. Ila kumbuka kwamba ulilazimishwa, na baadaye useme hivyo.

Kuhusu kitambulisho, tembea nacho, lakini kukisahau nyumbani si ujambazi. Wazee bado wanakiita kipande, na jina hilo lina historia. Sheria ya usajili ya 1915 ilimtaka kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu abebe karatasi yenye alama za vidole vyake, na ilipoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu, wengi waliivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Harry Thuku aliipinga, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokwenda kudai aachiliwe walipigwa risasi mbele ya kituo cha polisi Nairobi; waliokufa walizidi 20. Kwa hiyo mwananchi anayekasirika akiulizwa "kipande kiko wapi?" hakasiriki bure. Ana kumbukumbu ndefu kuliko umri wake.

Kitu kingine tulichorithi ni kosa la kuzurura. Mtu anakamatwa si kwa alichofanya bali kwa anavyoonekana: maskini, kijana, usiku. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika, yenye makao Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Maafande wa steji yetu hawajapata habari hiyo. Kama kesi yako ni ya namna hiyo, mwambie wakili wako aitaje.

Sasa kitu kidogo. Nitasema ukweli: nimewahi kutoa. Ilikuwa usiku, mtoto ana homa kwenye kiti cha nyuma, nikatoa mia mbili kwa afande ambaye hata hakuniangalia usoni. Nilifika hospitali, lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikijua bei yangu. Sheria ya hongo ya 2016 inamkamata anayetoa sawa na anayepokea, na ndiyo maana anayetoa hawezi tena kulalamika vizuri. Siku hizi hata kukosa noti mfukoni hakukuokoi. Unaelekezwa kwa wakala wa M-Pesa aliye karibu ukatoe pesa, urudi. Ukiweza kuvumilia kupelekwa kituoni, vumilia. Ukiwa na mtoto mwenye homa, sina la kukufundisha.

Kituoni ndiko kesi nyingi hufia au kuokolewa, na kuna kitabu kimoja unachopaswa kukijua: OB, kitabu cha matukio. Kila anayeingizwa seli anapaswa kuandikwa humo, na kila tukio lina nambari. Ndugu wa aliyekamatwa huenda kituoni na kuanza kusihi, kulia, kueleza jinsi kijana alivyo mtu wa kanisa au msikiti. Acheni. Nendeni wawili, mmoja wa kuzungumza na mwingine wa kuandika, na muulize mambo manne: nambari yake ya OB, kosa aliloandikiwa, afisa anayeshughulikia kesi, na korti atakayopelekwa pamoja na siku. Mkiambiwa hayupo, rudieni mliyonayo: saa, gari, jina. Asipopatikana kabisa, wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kuwalazimisha waliomchukua wamlete jaji amwone, na ombi hilo halingoji wiki.

Ijumaa ina hesabu yake. Katiba inataka mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini muda huo ukiishia siku ambayo korti haikai, basi ni mpaka mwisho wa siku ya korti inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kumwona hakimu Jumatatu, na yote ni halali. Kila afande anaijua hesabu hiyo, na ndiyo maana misako hunoga mwisho wa wiki: hofu ya siku tatu seli ina thamani kuliko hofu ya usiku mmoja. Jibu lake ni dhamana. Mkuu wa kituo ana mamlaka ya kumwachilia mtu kwa bondi kwa makosa mengi madogo, na bondi ya polisi haiuzwi. Haina pesa ya fomu, haina pesa ya karatasi, haina ya mafuta ya gari. Ikiwa ni dhamana ya pesa taslimu, mnapewa risiti rasmi ya serikali, na pesa hizo hurudi kesi ikiisha na mtu hajatoroka. Hakuna risiti, basi hamjalipa dhamana, mmelipa afande. Na kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba inakataza mshtakiwa kuwekwa rumande. Mtoto chini ya miaka 18 huzuiliwa pale tu njia nyingine zote zimeshindikana, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na hachanganywi na watu wazima.

Kuwahi kunasaidia, ingawa si siku zote. Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay na kusafirishwa zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi. Baba yake alimfuata akiwa amebeba hati ya shamba, tayari kuiweka dhamana. Alipofika aliambiwa mwanawe amekufa katika seli za kituo cha Central. Polisi walisema alijigonga ukutani. Wapasuaji wa maiti walikuta majeraha yasiyolingana na hadithi hiyo, na maafisa wa polisi ni miongoni mwa walioshtakiwa kwa mauaji. Yule mzee alifanya kila kitu ninachokuambia ufanye. Sitakudanganya kwamba ushauri wangu ni kinga.

Ukiumizwa, hospitali kwanza, karatasi baadaye, lakini zote siku hiyo hiyo. Mwambie daktari nani alikuumiza na kwa nini, aandike. Piga picha leo, kisha kesho, kisha keshokutwa, kwa sababu michubuko huiva kama ndizi: ya siku ya tatu huonekana kuliko ya kwanza. Shati lenye damu usilifue. Liweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, lisije likaota ukungu. Fomu ya P3 hutolewa na polisi na kujazwa na daktari. Kituo kikikataa kukupa, nenda kingine, na kukataliwa huko kuandike pia pamoja na saa.

Halafu lalamika. Kwa nini uende IPOA na si kwa mkubwa wa yule yule aliyekupiga? Jibu liko katika fujo za uchaguzi wa 2007. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi. Baada ya hapo haikuwezekana tena kusema polisi wajichunguze wenyewe, na mwaka 2011 ikatungwa sheria iliyounda Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, ndiyo IPOA. Nambari yake ni 1559 na haina malipo. Si lazima uwe uliyeumizwa. Shahidi anaweza kulalamika, jirani anaweza, mama anaweza. Kifo au jeraha baya lililotokana na polisi mamlaka hii inawajibika kulichunguza. Isichoweza ni kumshtaki mtu yenyewe: inapeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na hapo faili hujifunza subira. Ukilalamika, dai nambari ya malalamiko yako, na uwe unapiga simu kila mwezi. Faili isiyoulizwa hulala.

Nataka uione njia hiyo ilivyo ndefu kabla hujaianza. Josephat Mwendwa alikuwa mwendesha boda boda. Aprili 2015 alisimamishwa barabarani na polisi wa utawala, akapigwa risasi ya mkono. Akalalamika IPOA. Badala ya kupona kwa amani akajikuta yeye ndiye mshtakiwa, na wakili Willie Kimani akamtetea bila malipo. Tarehe 23 Juni 2016 walitoka katika korti ya Mavoko kwenye gari la dereva wa teksi Joseph Muiruri, wakatekwa wote watatu, wakazuiliwa kwa saa kadhaa katika kambi ya polisi wa utawala Syokimau. Kimani aliandika ujumbe kwenye karatasi ya chooni, akautupa nje, akiomba mkewe ajulishwe. Miili yao iliopolewa mtoni karibu na Ol Donyo Sabuk. Mawakili waligoma, watu wakajaa barabarani, na Februari 2023 Jaji Jessie Lessit aliwahukumu maafisa watatu na mtoa habari wao. Fredrick Leliman, yule aliyempiga Mwendwa risasi, alihukumiwa kifo. Kutoka barabarani hadi hukumu ni karibu miaka minane. Katika kesi ile kipande cha karatasi ya chooni kilizungumza wenyewe wakiwa wamenyamazishwa.

Ndiyo maana nasema usilalamike peke yako. Kama kesi ni nzito, mwambie wakili mapema kuhusu Wakala wa Ulinzi wa Mashahidi. Na mtafute aliyetangulia. Mathare, vijana walianza kuandika majina ya waliouawa na polisi, jina, umri, mahali, tarehe, mpaka mwaka 2017 kituo chao cha haki za kijamii kikatoa ripoti iliyowalazimu wakubwa kujibu. Akina mama waliofiwa wakaungana. Benna Buluma, aliyejulikana kwa jina la mtoto wake kama Mama Victor, alipoteza wana wawili kwa siku moja, Agosti 2017, akageuza uchungu huo kuwa kazi: kwenda korti za watu wengine, kukaa kwenye benchi, kumshika mkono mama mgeni katika msiba ule. Mafuriko ya Aprili 2024 yalimchukua pale pale Mathare. Nani asiyejua tofauti ya hakimu anayetazama chumba kitupu na hakimu anayetazama benchi lililojaa akina mama wenye leso? Kazi hiyo haihitaji shahada. Inahitaji nauli.

Serikali nayo ilituletea Nyumba Kumi mwaka 2013, ikiazima kwa majirani zetu Tanzania. Kwetu imekuwa zaidi ya mtaa kupeleka habari kituoni kuliko kituo kupeleka majibu mtaani. Si lazima ibaki hivyo. Mkutano ujao wa usalama, badala ya kuuliza tu kuhusu taa za barabarani, ombeni mkuu wa kituo aseme ni vijana wangapi wa mtaa huu walikamatwa mwezi uliopita, wangapi walifikishwa kortini, na wangapi waliachiliwa bila kuandikwa popote. Ulizeni kwa adabu, na mwezi unaofuata mkaulize tena. Wapo maafande wanaofurahia maswali hayo. Nimekutana nao; wamechoka kubeba jina baya la wenzao, na wengine ndio huwaambia akina mama kwa sauti ya chini wamtafute nani.

Nirudi kwa kijana wetu wa kifungu cha 49. Usiku ule kituoni afande wa zamu, mtu wa haki, alimruhusu apige simu moja, kwa kuwa yake ilikuwa imeshachukuliwa. Kijana akasimama kaunta na simu ya afande mkononi, asijue abonyeze nini. Hakuwa na nambari ya mtu yeyote kichwani, wala ya mama, wala ya dada, isipokuwa yake mwenyewe. Kwa hiyo leo usiku, kabla hujalala, chukua karatasi uandike nambari za watu wako watatu bila kufungua simu. Zikikushinda, usilale kwanza.